Wimbo wa Kushua

Kosa la kwanza la Badi lilikuwa kuwaalika watu.

Angekaa kimya, aibu ingekuwa ya nyumbani kwake tu. Lakini mtu aliyekaa miaka akiwapigia gitaa Wataliani wacheze dansi, halafu siku moja akaambiwa kwamba wimbo wake utatoka redioni, atakaaje kimya? Alizunguka mji mzima wa Kismayu. Aliwaambia makuli wa bandarini aliokuwa akiwafundisha gitaa uani kwake wakitoka kazini. Aliwaambia wauza samaki. Alimpelekea habari mkwewe, Mzee Famau, fundi wa vyombo vya baharini kisiwani Fuma, na mzee akaweka shoka lake chini akapanda mashua kuja kusikiliza. Ijumaa baada ya swala ya alasiri mkahawa wa Abubakar ulijaa hadi barazani, na redio imetandikiwa kitambaa kama bibi harusi.

Zikaanza tarumbeta. Zikafuata ngoma. Kisha gitaa la Badi likaingia, na kila Mbajuni aliyekuwa pale akainua kichwa, kwa sababu aliujua wimbo ule. Ulikuwa wito wa kushua. Ndio ambao babu yake Badi, na baada yake baba yake, waliutumia kuwaita watu wavute kamba siku chombo kipya kinapoteremshwa majini. Wito huo ni wa nyumba yao, na una sharti moja ambalo hata mtoto mdogo wa Fuma analijua: hauitwi pasi na chombo. Ukiuita na hakuna chombo kinachoshuka, wazee husema, umeita kitu kingine, na hicho kitakuja. Mzee Famau akaweka kikombe chake cha kahawa chini, hakukigusa tena.

Wimbo ulipokwisha, redio ikasema kwa Kitaliani, kisha ikarudia kwa Kisomali ili asibaki mtu hakusikia: hiyo ni bendi ya klabu ya Kismayu, na mtunzi wa wimbo ni maestro Rovetti.

Rovetti kila mtu alimjua. Karani wa forodha, mtu wa tumbo na kofia nyeupe, ambaye mchana alipiga mihuri na jioni aliongoza bendi ya klabu ya Wataliani. Abubakar akaizima redio taratibu bila kumtazama Badi. Makuli wakawa wanaangalia vidole vya miguu yao.

Mzee Famau akasimama.

"Umeuita bila chombo," alimwambia mkwewe mbele ya watu wote. "Haya, hilo ni kosa, na mtu hukosa. Lakini kuuita bila chombo, halafu kwa jina la mtu mwingine? Hilo hata silijui linaitwaje."

"Baba, mtu yule aliniahidi..."

"Mimi nina dau juu ya magogo. Wana wa watu watalipanda waende nalo baharini. Wataliteremshaje kwa wimbo uliokwisha chezewa dansi na watu waliolewa?"

Akatoka. Hakupita nyumbani kwa mwanawe. Alirudi Fuma jioni ile ile, na tumbo tupu.

Mwanapili, mkewe Badi, alikuwa amempikia baba yake wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na habari ilimfika kabla mumewe hajafika. Aliyeileta ni Shamsa, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye habari mbaya haimpiti mlangoni bila kupewa kiti.

"Baba yuko wapi?" Mwanapili aliuliza Badi alipoingia.

"Amerudi."

"Bila kula?"

"Bila kula."

Mwanapili akafunika sufuria. Mtoto wao Zakia akanyoosha mkono kwenye samaki, mama yake akauondoa mkono ule, kisha akaghairi akamkatia kipande.

"Na jina lako walilitaja wapi? Mwanzo?"

"Hawakulitaja."

"Hata mwisho?"

"Mama Zakia, nimekwambia hawakulitaja."

Alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi ya nazi, akamtazama mumewe. Alikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa na miiba ndani yake, kwa sababu yeye ndiye aliyemwambia auuze wimbo ule. Badi hakutaka. Rovetti alipomwendea na mashine ya kunasia sauti, akamwambia lete kitu cha kwenu, cha asili, Residente, mkuu wa wilaya, akisikie, ndipo nitakapoweza kumwambia kwamba mwalimu wa muziki wa skuli mpya ni wewe na si mwingine, Badi alirudi nyumbani akasema, haiwezekani, huo ni wito wa kushua. Mwanapili ndiye aliyesema, mpe. Wazee walioweka sharti hilo hawakuwa na jirani kama Shamsa.

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kisimani wanawake walizisogeza ndoo zao akifika yeye. Walisema nyumba yake inakula pesa za mvinyo. Badi hakuwahi kutia tone la kileo mdomoni, swala tano hazimpiti, lakini hela zake zilitoka penye chupa, na hilo lilitosha. Mwaka jana mtoto wa Shamsa alimwambia Zakia mbele ya chuo kizima cha Kurani kwamba kanzu yake inanuka pombe, na mtoto akarudi nyumbani akaivua akaitia kwenye beseni la maji. Kazi ya skuli ingemaliza yote hayo. Mwalimu huenda asubuhi, hurudi mchana, huvaa shati jeupe, na hata imamu humwita mwalimu. Hicho ndicho walichokuwa wakikitaka, hawakutaka utajiri.

"Kesho nenda forodhani," Mwanapili alisema. "Mwambie uso kwa uso. Jina lako, na kazi yako. Vyote viwili."

Rovetti alimwacha asimame. Alipiga muhuri, akasoma, akapiga mwingine. Kulikuwa na kiti pale, lakini juu yake palikuwa na kofia ya maestro.

"Badi, rafiki yangu," alisema hatimaye, kwa Kitaliani, lugha ambayo Badi aliijua vizuri kuliko Wataliani wengi walivyodhani. "Umesikia redio? Mogadishu wamefurahi sana. Wanataka zaidi."

"Nimesikia jina lako."

"Ah, hilo." Maestro akacheka. "Redio inataka jina la aliyeandika noti za muziki. Noti nimeziandika mimi. Wewe unajua kuandika noti?"

"Wimbo ni wa babu yangu."

"Nyimbo hizi za pwani hazina mwenyewe, Badi. Ni kama kisima. Kila mtu anachota."

"Kisima nacho kina aliyekichimba."

"Umeona? Wewe ni mshairi kabisa." Akaacha kucheka. "Sikiliza. Residente ananiuliza habari ya mwalimu kila tukionana. Nimwambie nini? Kwamba mtu niliyemsifia ni mgomvi? Skuli haitaki wagomvi."

Wataliani walifukuzwa nchi hii kwa vita, kisha wakarudi kwa karatasi ya Umoja wa Mataifa, eti miaka kumi kuwafundisha watu kujitawala. Basi hayo ndiyo mafundisho. Mtu mzima, baba wa mtoto, amesimama mbele ya kofia iliyokalia kiti, na anajua kila neno la kujibu, na hajibu, kwa sababu kazi bado haijatangazwa.

Rovetti akafungua mtoto wa meza, akatoa nyuzi za gitaa zilizozungushwa, zimetumika, moja imeanza kutu. "Chukua. Mimi nimeletewa mpya kutoka Italia."

Badi akazichukua. Angefanyaje? Kismayu nzima hakuna duka linalouza nyuzi za gitaa. Akasema ahsante, akatoka, na neno lile la ahsante likamkereketa njia nzima kama mwiba wa samaki.

Wanafunzi wakaanza kupungua. Hawakugombana naye, walikuwa na adabu zao. Mmoja alisema mkono unamuuma, mwingine akasema meli zimekuwa nyingi. Nasrudin peke yake ndiye aliyekuja kusema kweli. Alikuwa kuli mwenye mabega kama mlango, na vidole ambavyo Badi alivihangaikia miezi hadi vikakubali kubana nyuzi kwa upole.

"Mwalimu, nisamehe. Mama amesema gitaa hili linaita maiti."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema linaita watu. Lakini ni mama."

"Nenda, Nasrudin. Mama ni mama."

Jioni hizo Badi alikaa uani peke yake, akipiga bila mtu wa kumpigia. Hapo ndipo ujumbe wa Mzee Famau ulipofika, umeletwa na baharia mmoja wa Fuma aitwaye Khamis. Ulikuwa mfupi. Bamvua limekaribia, maji yatajaa hadi chini ya dau. Wavutaji wamekataa wito wa zamani, wanasema umekwisha baraka. Lakini mwita ni wa nyumba ya Badi, hawezi kutoka nyumba nyingine. Kwa hivyo alete wito mpya, au asije.

"Mpya?" Badi aliuliza. "Wito ule una umri wa mababu watatu. Nitautoa wapi mpya?"

"Mimi nimetumwa," Khamis alisema, akanywa maji aliyopewa, akaondoka.

Mwanapili alimsikia akiutafuta. Mara aligonga mbao za gitaa, mara alivuta uzi mmoja kwa nguvu hadi ukalia vibaya. Alikuwa anatafuta maneno ya kusifu chombo, bahari, fundi, kama ilivyo desturi, na kila akifungua mdomo linatoka jina la Rovetti. Mwisho aliacha kupigana nalo. Sauti ilikuwa nzito, ya kupanda kwa hatua na kushuka kwa kishindo, ile ambayo mguu wa mtu huifuata bila kuamrishwa, na katikati yake akaitia pindo moja la jazi, kidole kinachelewa kidogo kisha kinawahi, jambo alilojifunza klabuni na kulifanya lake. Na maneno yakawa haya, kwa Kibajuni, ambamo mtu ni mchu:

Kaja mchu na kofia,
Kala wali na sahani,
Kaiba wimbo wa babu,
Kauita wake yeye.

Wavutaji wangejibu kila mstari: Ushuke, twende.

Mwanapili alikuwa anachambua mchele. Aliposikia la mtu kula hadi sahani akacheka mpaka ungo ukamtikisika. Hakuwa amecheka tangu Ijumaa ile.

"Hilo la sahani limempata," alisema. "Hapo hana pa kukimbilia."

Siku ya kushua, Fuma ilijaa watu. Mbuzi alichinjwa mapema, wanawake walikuwa kwenye masufuria, na dau lilikaa juu ya magogo yaliyopakwa mafuta ya papa, mbao zake bado zinanukia. Maji yalikuwa yanapanda. Ndipo ikaonekana mashua ya mashine ikija kutoka Kismayu, na ndani yake miavuli.

Rovetti alikuwa amemleta Residente. Amemleta na mkewe, na masinyora wengine wawili, na kamera. Alikuwa amewaambia kwamba watu wa kisiwani watafanya sherehe. Aliyewaalika ni nani, hakuna anayejua. Lakini mgeni ni mgeni, na Mzee Famau si mtu wa kumfukuza mgeni ufukweni. Akawatolea viti, akawaangulia madafu. Wakanywa, wakayatupa maganda kwenye mchanga uliokuwa umefagiwa. Sinyora mmoja akaziba pua kwa sababu ya mafuta ya papa.

Badi akapanda juu ya gogo. Alimwona Rovetti akimpungia mkono, kama mtu anayempungia mtumishi wake. Akaita.

"Kaja mchu na kofia!"

"Ushuke, twende!" wakajibu wavutaji, na kamba zikanyooka.

Mstari wa pili walikuwa wameshaelewa ni nani. Kicheko kikapita mkono kwa mkono kwenye kamba, na kicheko kile kilikuwa na nguvu. Waliopinga gitaa, waliosema Badi ameita maiti, wote waliweka mabega yao pale. Dau likatikisika. Mstari wa tatu likaanza kwenda. Wanawake waliokuwa jikoni wakaacha miko wakaja kujibu nao. Badi alirudia tena na tena, akimtazama mtu yule usoni, na kila aliporudia wimbo ukazidi ukali, hadi dau likaingia majini, likainuka, likaelea, na vigelegele vikafunika kila kitu. Mzee Famau akamjia mkwewe akamshika bega. Mkono wake alikawia kuuondoa.

Na Rovetti alikuwa anapiga makofi. Alipiga kuliko wote. Ametoa kikaratasi mfukoni, anaandika, anahesabu kwa mguu, anaandika tena. Akamjia Badi mbio mbio, jasho linamtiririka, na Residente nyuma yake.

"Vizuri mno! Na maneno? Maneno yanasema nini?"

Watu wakasogea. Waliojua Kitaliani waliwanong'oneza wasiojua kwamba ameuliza maana. Mwanapili alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Residente alikuwa pale pale, hatua chache, mtu wa kutia sahihi kazi ya mwalimu, akitabasamu.

Badi akacheka kidogo, akasema kwa Kitaliani, "Ni maneno ya kusifu chombo. Na kuwakaribisha wageni."

"Kuwakaribisha wageni," Rovetti akamrudia Residente, na Residente akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha wakaenda kula pilau.

"Alikuuliza nini?" Mwanapili alisema.

Walikuwa mashuani wakirudi Kismayu, Zakia amelala mapajani pa mama yake. Khamis alikuwa kwenye usukani, na alijifanya haoni wala hasikii.

"Maana ya wimbo."

"Ukamwambia?"

Badi akajishughulisha kumfunika Zakia miguu.

"Nilikuona ukicheka naye. Mtu aliyemtukana mtu hacheki naye."

"Mama Zakia, Residente alikuwa pale. Kazi haijatoka. Nifanye nini, niitupe mbele ya macho yangu?"

"Ungeitupa, ningekasirika leo na kesho, kisha ningenyamaza," alisema Mwanapili. "Lakini hili ulilofanya silijui. Sisi hapa tukipigana vijembe, anayepigwa analala nacho, anageuka ubavu huu na ubavu huu. Shamsa akinipiga kijembe mimi sili. Yule leo atalala fofofo. Umemtukana kwa lugha asiyoijua, baba Zakia, hivyo hata mtoto mwoga hutukana, mtu akishampa mgongo. Na wimbo wako ameuandika. Mimi nilimwona."

"Aliandika tu kikaratasi."

"Na ule wa kwanza aliuandika wapi, kwenye mlango?"



Alhamisi, siku ya mazoezi, Badi aliingia klabuni kwa mlango wa jikoni kama kawaida. Omar, mwandazi wa meza, alimwona akafanya kazi ya kufuta glasi ambayo ilikuwa safi. Badi akajua kuna jambo.

Rovetti alikuwa amevaa tai. Aliwakusanya wanamuziki, Wataliani wanne na Badi, akawaambia kwamba Residente ametia sahihi. Darasa la muziki la skuli litafunguliwa mwezi ujao, na mwalimu wake ni yeye, Rovetti. Wakampigia makofi. Mpiga tarumbeta akamkumbatia.

"Sikukusahau," alimwambia Badi. "Nimekuombea nafasi. Patahitajika mtu wa kufagia chumba, kubeba vyombo, na kukaza nyuzi za magitaa. Watoto watakuwa wanakuona kila siku. Ni kazi ya serikali."

Kwa hiyo uongo wa ufukweni ulikuwa wa bure. Aliuza kitu na hakupewa hata bei yake. 

"Nani atawafundisha gitaa?" Badi aliuliza.

"Mimi. Wewe utanionyesha yale mambo yako ya kidole, yale ya kuchelewa."

Kisha maestro akagawa karatasi. Wimbo mpya, alisema, wa dansi ya Jumapili alasiri. Ameupa jina la Fuma. Juu ya karatasi palikuwa na jina lake, na chini yake noti, na hata asiyejua noti angejua, kwa sababu mpiga ngoma alianza kuugonga mezani kwa vidole. Ushuke, twende. Ushuke, twende.

Omar aliacha kufuta glasi. Akamtazama Badi, na midomo yake ikatetemeka kwa kicheko ambacho hakuthubutu kukitoa. Habari ilifika mjini kabla ya magharibi. Watu walikufa kwa kucheka. Mtaliani atajipigia mwenyewe wimbo wa kujiita mwizi, tena kwa tarumbeta. Kwa Abubakar waliuimba wakigonga vikombe kwa vidole. Nasrudin alirudi uani na kusema, mwalimu, umemweza, umempiga kwa mkono wake mwenyewe. Hata Shamsa alichungulia juu ya ukuta akacheka.

Badi hakucheka. "Wa pili huo ameula," alisema. "Mnachekelea nini? Utatoka redioni hadi Mogadishu, watu watacheza, na jina ni lake. Sisi tutabaki na kicheko."

Nasrudin akaondoka kichwa chini.

Usiku ule na uliofuata Badi alikuwa akinong'ona peke yake. Mwanapili alidhani anasoma dua. Alipotega sikio akakuta ni Kitaliani.

Jumapili alasiri madirisha ya klabu yalikuwa wazi kwa ajili ya upepo. Masinyora walivaa nguo za maua. Residente alikaa meza ya mbele na mkewe. Walipiga tango, wakapiga jazi mbili za Kimarekani, kisha Rovetti akainama, akasema neno zuri juu ya watu wa visiwani na ukarimu wao, akainua fimbo yake.

Wimbo ulikwenda vizuri. Hilo ndilo lililomchoma Badi kuliko yote, kwamba ulikwenda vizuri. Tarumbeta ziliita, ngoma zikajibu, na wacheza dansi wakaingia uwanjani mara moja, kwa sababu sauti ile huiamrisha miguu, ilitungwa iiamrishe. Badi alipiga mzunguko wa kwanza ameketi. Mzunguko wa pili akasimama, akaenda na gitaa lake hadi kwenye kipaza sauti cha sinyora mwimbaji, aliyekuwa amekwenda kunywa maji, akaimba.

Aliimba kwa Kitaliani. Alikuwa ameyapanga maneno yakae sawa sawa juu ya noti, na aliyatamka wazi, kama mtu anayesomesha watoto. Amekuja mtu na kofia. Amekula wali na sahani yake. Na watu hawakuacha kucheza. Wengine walicheka, wakidhani ni kichekesho cha kienyeji kilichopangwa. Mke wa Residente alipiga makofi. Badi akaendelea. Ameiba wimbo wa babu yangu. Ameuita wake. Kisha akauacha wimbo, gitaa likiendelea, akasema, "Mtu huyo ni maestro Rovetti, na huu mnaoucheza ni wimbo wa pili."

Mpiga ngoma akaacha. Tarumbeta zikafa moja moja. Wacheza dansi wakabaki wameshikana, hawajui waachiane au vipi. Residente akageuza kichwa, akamtazama Rovetti, na kwa muda mfupi sana, muda wa mtu kupumua, macho yake yalikuwa yanauliza.

Rovetti akacheka. Uso wake ulikuwa mwekundu, lakini alicheka.

"Msameheni," akasema. "Amelewa. Hawa hawajazoea, ukiwaachia karibu na chupa..."

Na kila mtu akapumua. Ndiyo, amelewa. Ilikuwa rahisi mno kuliamini hilo. Wakacheka, sinyora mmoja akasema maskini, Residente akarudia kinywaji chake. Wawili walimshika Badi mikono wakamtoa, na mtu asiyewahi kuonja kileo akapitishwa katikati ya walevi akiitwa mlevi, na Omar, aliyejua, alisimama na sinia lake, ana watoto watano, akatazama sakafu.

Shamsa alikuwa ameshafika. Alikuwa uani kwa Mwanapili, mtandio kichwani, akisema kwa masikitiko matamu kwamba dada yangu, pole, yamekufika, mumeo leo kalewa huko klabuni, katolewa mbele za watu, mji mzima unasema. Badi akaingia na gitaa lake. Shamsa akapanua pua kidogo kumnusa.

"Ushanusa?" Mwanapili akamwambia. "Basi nenda kwako."

Shamsa akaenda.

Badi akakaa chini. Shati lake lilikuwa limechanika kwapani. Mwanapili akalitazama, asiliguse.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Kwa Kitaliani?"

"Kwa Kitaliani. Mbele ya Residente na mkewe na wote."

"Akafahamu?"

"Alifahamu barabara. Ndipo akasema nimelewa."

 Kazi ya skuli ilikuwa imekwenda, ya klabu imekwenda, na kesho kisimani wangesema si pesa za mvinyo tena, wangesema mvinyo wenyewe. Yote hayo Mwanapili aliyaona. 

"Mkewe Rovetti," alisema, "huja sokoni kila asubuhi kwa Barke, kununua samaki. Na mke wa Residente huja naye."

"Najua."

"Wewe ni mlevi. Nasi wanawake wote wa soko la samaki, tutakuwa tumelewa?" Akajisogeza karibu, magoti yao yakagusana. "Nifundishe hayo maneno yako. Yote. Kisha nitamfundisha Barke, na Barke hana siri, soko zima litawaimbia mabibi hao. Anza na lile la mwizi."

Badi akamtazama. Kisha akalivuta gitaa, akatafuta sauti.

"Ladro," akasema.

"Ladiro."

"Si hivyo. Yaunganishe. Ladro."

"Ladro," akasema Mwanapili.

"Kwa nguvu kidogo. Tena."